Damu, Nyumba na Marafiki: Mafundisho Juu ya Vijana na Pombe

Katika siku za nabii Ezekieli, Waisraeli waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na methali iliyowapendeza sana. Walisema kwamba wazee ndio waliokula zabibu mbichi, lakini meno yaliyotiwa ganzi ni ya watoto. Maana yake ni kwamba baba amekosa, na mwana hana la kufanya ila kubeba uchungu wa baba. Mungu aliisikia methali hiyo akaikataa kwa kinywa cha nabii wake, kama inavyosomwa katika sura ya 18 ya kitabu cha Ezekieli. Roho ya baba ni mali yake Mungu, na roho ya mwana ni mali yake vilevile. Kila mmoja atajibu kwa matendo yake mwenyewe.

Walakini methali ile haijafa. Husikika hata leo katika Lubumbashi na Kalemie, katika Bukavu na Kisangani, na popote pombe inapouzwa karibu na mlango wa nyumba. Kijana wa miaka 15 arudi usiku, miguu haimchukui. Jirani atikisa kichwa na kusema: «Mtoto wa nyoka ni nyoka, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo.» Mama alia akisema ni damu ya ukoo wa mumewe. Baba akasirika akisema ni marafiki wabaya tu. Na kijana mwenyewe, alalapo pale akisikia maneno yao, hujifunza jambo moja la hatari kuu: kwamba kosa si lake, na dawa haipo.

Nani katika hao asema kweli? Ulizo hili si dogo. Mzazi asiyejua ugonjwa unatoka wapi hawezi kuukinga, na kijana anayedhani amefungwa na damu yake hatajaribu hata kusimama. Kwa hiyo yafaa kutazama kwa utaratibu mambo matatu yanayomvuta kijana kwenye pombe, ndiyo damu, nyumba na marafiki; kisha kutazama jambo la nne ambalo jirani, mama na baba wamelisahau.

I. Kileo si shetani, ulevi ndio dhambi

Kwanza mkristu asichanganye mambo. Divai ni kiumbe cha Mungu. Yezu Kristu aliigeuza maji kuwa divai katika arusi ya Kana, na katika karamu ya mwisho akachagua mkate na divai kuwa maada ya Sakramenti kuu kupita zote. Mwenye hekima Bin Sira asifu divai inywewayo kwa kiasi na wakati wake, kisha mara hiyo hiyo aonya juu ya inywewayo kupita kiasi. Kanisa halikufundisha kamwe kwamba kinywaji chenyewe ni kiovu. Lafundisha kwamba fadhila ya kiasi huuongoza mwili, na kwamba anayejilevya kwa kusudi ameitupa akili yake, yaani ile zawadi inayomtenga na mnyama. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorinto, aliwahesabu walevi pamoja na wezi na wanyang'anyi wasiourithi ufalme wa Mungu.

Hata hivyo lililo halali kwa mtu mzima huweza kuwa sumu kwa kijana. Ubongo wa mwanadamu haumalizi kukomaa kabla ya miaka kama 25, na sehemu inayochelewa kuliko nyingine ndiyo ile ya kupima mambo na kujizuia. Kumpa kijana pombe ni kuilegeza breki ambayo bado haijafungwa sawasawa. Nchini Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya watu walioanza kunywa kabla ya miaka 15, wapata 40 katika kila 100 walikuwa watumwa wa pombe wakati fulani wa maisha yao. Kati ya wale waliongoja hadi miaka 20 au zaidi, ni wapata 10 tu katika kila 100. Yawezekana wengine wa wale wa kwanza walikuwa na shida nyingine tangu awali, na pombe ilikuwa dalili yake. Lakini mzazi mwenye akili hangoji kuhakikisha kila jambo ndipo azibe ufa.

II. Yatokayo katika damu

Mama aliyelia akitaja damu hakukosa kabisa. Elimu ya urithi ilianzishwa na mtawa. Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Agustino, alipanda mbaazi katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akazihesabu kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1866 akatoa chapa habari za kanuni alizoziona. Tangu hapo wataalamu wamejifunza kwamba mtoto hupokea kwa baba na mama si rangi ya macho na urefu wa mwili tu, bali pia namna mwili wake unavyopokea vitu, na pombe ni kimojawapo.

Wamejuaje? Wamewatazama watoto ambao damu yao na malezi yao vimetengana. Mwaka 1973 daktari Donald Goodwin na wenzake walitangaza habari za wanaume wa Denmark waliotolewa kwa wazazi wao wangali wachanga kabisa, wakalelewa na watu wengine. Wanaume 55 walikuwa na mzazi mlevi, ingawa hawakukua machoni pake. Wengine 78 hawakuwa na mzazi wa namna hiyo. Walipofikia utu uzima, walevi wa kweli walikuwa 10 katika wale 55, na 4 katika wale 78. Basi damu ina neno. Wengine wamewalinganisha mapacha waliofanana kabisa na mapacha wasiofanana, na kwa hesabu za watu wengi wameona kwamba, katika yale yanayomtofautisha mlevi na asiye mlevi, karibu nusu hutoka katika urithi.

Lakini hesabu ile ya Denmark isomwe mpaka mwisho wake. Katika wana 55 wa walevi, 45 hawakuwa walevi. Ikiwa mtoto wa nyoka ni nyoka, hawa 45 walitoka wapi? Tena wataalamu hawakupata mbegu moja iitwayo mbegu ya ulevi. Wamepata chembe nyingi za urithi, kila moja na nguvu yake ndogo, nazo hazimtii mtu kikombe mkononi. Humfanya awe mwepesi zaidi au mzito zaidi kuvutwa, na basi.

Mfano wa kwanza watoka Mashariki ya mbali. Katika China, Japani na Korea watu wengi huzaliwa na upungufu wa kitu fulani cha mwili kinachoondoa sumu itokanayo na pombe. Wakinywa kidogo tu, uso huwa mwekundu, moyo hupiga mbio, tumbo huchafuka. Urithi huu huwalinda: mwenye kuupokea kwa wazazi wote wawili ni shida sana awe mlevi. Lakini tazama yaliyotukia kwa wale walioupokea kwa mzazi mmoja. Huko Japani, kati ya walevi waliotibiwa mwaka 1979, watu wa namna hiyo walikuwa 2.5 katika kila 100. Mwaka 1992 walikuwa 13. Je, damu ya Wajapani iligeuka katika miaka 13? Hapana. Yaliyogeuka ni desturi za kunywa, na desturi zilipozidi nguvu, ukuta wa damu ulianza kuvuka.

Mfano wa pili wamhusu kijana mwenye kujisifu. Daktari Marc Schuckit wa California alifuata kwa miaka mingi maisha ya wana wa walevi. Aliona kwamba waliokuwa katika hatari kubwa si wale walioyumba upesi, bali wale waliokunywa sana bila kusikia kitu. Kijana apigaye kifua mbele ya wenzake akisema kwamba chupa nne hazimtikisi, adhani ametangaza nguvu zake. Kumbe ametangaza udhaifu wake. Mwili wake hauna kengele ya kumwambia: «Yatosha.»

Kwa hiyo mzazi aliyekuwa na baba mlevi, au aliye na ndugu mlevi, asiwafiche watoto wake jambo hilo kama aibu, wala asiwatishe kama wenye laana. Awaambie kwa upole, kama vile mtu awaambiavyo watoto kwamba ukoo wao una ugonjwa wa sukari na wafaa kujihadhari. Anayejua kwamba shamba lake li mteremkoni hachimbi matuta kama wengine. Huyachimba kwa kuzuia maji.

III. Yatokayo nyumbani

Nabii Yeremia, katika sura ya 35, ametuachia habari za Warekabu. Babu yao Yonadabu aliwaamuru wasinywe divai, wao na wana wao. Miaka mingi baadaye Yeremia aliwaingiza katika chumba cha Hekalu, akaweka vikombe vilivyojaa mbele yao, wakakataa. Mungu aliwasifu, si kwa sababu divai ni haramu, bali kwa sababu neno la mzee wao lilikuwa bado hai nyumbani mwao. Hapa hakuna urithi wa damu tu. Pana urithi wa desturi, nao wapita kwa kinywa na kwa macho.

Elimu ya siku hizi yakubaliana na Warekabu. Katika nchi ya Finland wataalamu waliwafuata maelfu ya mapacha tangu ujana wao. Waliona kwamba swali la kama mtoto wa miaka 14 ameonja pombe au bado hujibiwa zaidi na mahali alipo, yaani nyumba, shule na jirani zake, kuliko damu. Kadiri kijana alivyokua na kuwa huru, ndivyo damu ilivyopata nafasi ya kusema. Tena katika vijiji, mahali watu wanapojuana na kuangaliana, sauti ya damu ilikuwa ndogo. Mijini ikawa kubwa zaidi. Yaani ulinzi wa nyumba na kijiji haufuti urithi, bali waufungia mlango mpaka kijana apate akili za kuuongoza.

Basi yafaa mzazi ajiulize mambo madogo anayoyatenda bila kufikiri. Ni nani atumwaye jioni kununua chupa, au kupeleka chombo kwa mpishi wa lutuku? Mara nyingi ni mtoto. Ni nani aachiwaye tone la mwisho katika kikombe cha kasiksi, wakubwa wakicheka kuona akikunja uso? Ni mtoto. Katika arusi na katika matanga, ni nani akusanyaye chupa usiku, akinywa mabaki gizani? Ni mtoto. Kisha afikapo miaka 16 wazazi washangaa.

Mtakatifu Monika, mama wa Mtakatifu Agustino, alizaliwa katika Afrika, nchi iitwayo leo Algeria. Agustino asimulia katika kitabu cha tisa cha Maungamo yake jinsi mama yake alivyokuwa msichana. Nyumba yake ilikuwa ya kikristu, na mtumishi mzee mwenye adabu kali aliwalea wasichana asiwaruhusu kunywa hata maji nje ya saa za chakula, wasije wakazoea kunywa ovyo. Walakini wazazi walimtuma Monika kuteka divai katika pipa. Alipoteka, aligusa kwa midomo tone dogo, si kwa kuipenda divai, bali kwa utundu wa kitoto. Kesho yake akaongeza kidogo, na kesho kutwa tena, hata akawa akimaliza vikombe karibu vijazwe. Yule mtumishi mzee hakujua. Siku moja kijakazi aliyezoea kwenda naye pipani aligombana naye, akamtupia neno la matusi akimwita mlevi. Neno lilimchoma Monika. Alijitazama, akaona kwamba ni kweli, akaacha siku hiyo hiyo.

Habari hii yafundisha mambo mawili. La kwanza, amri kali peke yake haitoshi, ikiwa mtoto yule yule aliyekatazwa ndiye akabidhiwaye ufunguo wa pipa. La pili, hata mtakatifu alianza kwa tone, na hata aliyeanza aweza kuacha.

IV. Yatokayo kwa marafiki

Baba aliyewataja marafiki naye hakusema uongo. Mtakatifu Agustino alipokuwa na miaka 16, alikaa mwaka mzima nyumbani bila shule, akitembea na kundi la vijana. Usiku mmoja walitikisa mpea wa jirani wakaiba matunda mengi, wakawatupia nguruwe. Hakuwa na njaa, na kwao alikuwa na matunda mazuri zaidi. Baada ya miaka mingi, akiwa askofu, aliendelea kujiuliza kwa nini alitenda vile, akapata jibu moja lililo wazi: peke yake asingalifanya. Aungama hata hili, kwamba aliona haya kuonekana ana haya. Wenzake walipojisifu kwa maovu, naye alijizulia maovu asiyoyatenda, asije akadharauliwa.

Ni maneno ya karne ya nne na ya tano, lakini kijana yeyote aliyekaa na wenzake kando ya baa ayajua. Wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walilipima jambo hilo mwaka 2005. Waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari la kuigiza, wenye hatari ndani yake. Watu wazima walicheza sawasawa, wawe peke yao au pamoja na rafiki zao. Lakini vijana wa miaka 13 hadi 16, walipotazamwa na wenzao, walijitia hatarini mara mbili kuliko walipokuwa peke yao. Macho ya rafiki ni kama upepo juu ya moto: kuni ni zile zile, lakini ndimi za moto hupanda.

Hata hivyo mzazi asitupe lawama yote kwa watoto wa wengine. Mama wa rafiki mbaya naye husema vivyo hivyo, kwamba mwanawe aliharibiwa na wenzake. Uchunguzi umeonyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja: marafiki hufananishana, na pia wanaofanana hutafutana. Anayetamani kunywa huwatafuta wanywaji. Kwa hiyo haitoshi kumwambia kijana: «Waache hao.» Apasa kupewa pa kwenda, na wa kwenda naye.

Na hapa pana habari njema, kwa maana nguvu ya marafiki yavuta pande zote mbili. Danieli alipopelekwa Babeli akiwa kijana, mfalme aliamuru alishwe chakula cha mezani pake na divai yake. Danieli alikataa, lakini hakukataa peke yake. Walikuwa vijana wanne, naye, Anania, Misaeli na Azaria. Waliomba mboga na maji kwa siku 10, na mwisho wa siku hizo nyuso zao zilikuwa nzuri kupita za wote. Je, Danieli angalisimama bila wale watatu? Mungu ajua. Lakini Maandiko yamewataja kwa majina, kusudi ijulikane kwamba uaminifu nao una kundi lake. Vivyo hivyo Agustino, aliyeiba na wenzake, aliongoka pamoja na rafiki yake Alipio mwaka 386, na Pasaka ya mwaka 387 wakabatizwa pamoja mjini Milano.

V. Mtu aliyekuwa na yote matatu

Mkristu aweza kusema: «Hayo ni ya watakatifu wa zamani.» Basi atazame mfanyakazi wa juzi, Matt Talbot wa Dublin, katika nchi ya Ireland. Alizaliwa mwaka 1856 katika jamaa maskini ya watoto 12. Baba yake alikuwa mnywaji mkubwa, na ndugu zake karibu wote wakamfuata. Hiyo ndiyo damu, na hiyo ndiyo nyumba. Alipokuwa na miaka kama 12 aliacha shule, akaandikwa kazi katika duka la kuuza vileo. Akaanza kuonja mabaki ya chupa, na upesi akawa akirudi nyumbani amelewa. Hao ndio wenzake, na hiyo ndiyo njia yao. Kwa miaka kama 16 mshahara wake wote uliishia kilabuni. Aliuza hata viatu vyake. Siku moja yeye na wenzake walimwibia kipofu zeze yake, ambayo ndiyo iliyompatia riziki, wakaiuza wakanywa.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, alikosa fedha. Jumamosi alisimama penye njia waliyoipita wenzake wakitoka kupokea mshahara, akingojea mmoja amwite. Wote walikuwa wamekunywa kwa fedha zake siku nyingine. Walimsalimu, wakapita. Hakuna aliyemwita. Pale njiani Matt aliona urafiki ule ulikuwa na uzito gani. Alirudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba ataweka ahadi ya kuacha pombe, akaenda kwa padri, akaungama, akaahidi kwa miezi mitatu tu. Miezi ilipokwisha akaahidi tena, kisha akaahidi kwa maisha yake yote.

Siku zile za kwanza zilikuwa za mateso makali. Hakujitegemea. Aliamka alfajiri kwenda misa kabla ya kazi. Jioni, saa ambayo zamani alikuwa kilabuni, aliingia kanisani. Akaacha kabisa kutembea na fedha mfukoni, kusudi asipite mlango wa pombe akiwa na njia ya kuingia. Alilipa madeni yake. Alimtafuta yule kipofu mwenye zeze, na kwa kuwa hakumpata, alitoa fedha za misa kwa ajili yake. Akaishi hivyo miaka 41, mchukuzi wa mbao asiyejulikana, hata alipoanguka na kufa njiani akienda misa, tarehe 7 Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Matt hakubadili damu yake, maana hakuna abadiliye damu. Alibadili njia anazopita, saa zake, mfuko wake na watu anaokaa nao. Na zaidi ya yote, aliomba. Hilo ndilo jambo la nne ambalo jirani, mama na baba walilisahau: hiari ya mtu ikisaidiwa na neema ya Mungu. Damu humvuta mtu, nyumba humzoeza, marafiki humsukuma; lakini hakuna hata kimoja kinachomnyang'anya roho yake. Anayevutwa sana aweza kuwa na kosa dogo kuliko anayevutwa kidogo, na Mungu mwenye haki ajua kupima. Lakini kila mmoja apewa neema ya kutosha kwa vita vyake, akiitaka.

VI. Yawapasayo wakristu

Wazazi walinde nyumba. Mtoto asitumwe pombe, asipewe tone, asiachiwe mabaki. Baba akinywa, anywe kwa kiasi, na mwanawe aone kwamba kuna siku ambazo baba hanywi wala hakasiriki. Wazazi wawajue marafiki wa watoto wao kwa majina, na wazazi wa marafiki hao pia. Tena wafanye kwa umoja, maana mlango mmoja uliofungwa katika mtaa wenye milango kumi iliyo wazi haumkingi mtu.

Kwamba umoja huo wafaa, nchi ya Iceland imethibitisha. Mwaka 1998, katika kila vijana 100 wa miaka 15 na 16, vijana 42 walikuwa wamelewa katika mwezi uliopita. Wazazi walipatana kuwaweka vijana nyumbani usiku na kukaa nao zaidi; serikali ikakaza sheria, na michezo, muziki na vyama vya vijana vikaongezwa na kusaidiwa kwa fedha. Mwaka 2016 waliolewa walikuwa 5 katika kila 100. Damu ya watu wa Iceland ilikuwa ile ile. Udongo ndio uliolimwa.

Wakatekista na viongozi wa vyama wasiishie kukataza. Kwaya, mpira, shamba la parokia, mchezo wa kuigiza wa Noeli: hivi vyote ni ukuta kwa kijana, hasa Jumamosi jioni na sikukuu, saa ambazo hatari huwa kubwa. Na kijana mlevi asifukuzwe katika chama kama mwenye ukoma, maana akifukuzwa atapokelewa mahali pengine upesi.

Na kijana mwenyewe, akiwa mtoto wa mlevi, asikubali kuitwa nyoka. Ajue udhaifu wake bila kuona haya. Atafute rafiki mmoja tu atakayesimama naye, kama Danieli alivyowapata watatu. Aanze kwa siku moja, au kwa miezi mitatu. Akianguka, aende kwenye kitubio kesho yake, asingoje Pasaka.

Mpanzi wa Injili alitupa mbegu ile ile njiani, penye mawe, penye miiba na penye udongo mwema. Lakini udongo haukuumbwa kukaa vile milele. Njia yaweza kulimwa, mawe yaweza kuokotwa, miiba yaweza kuchomwa moto. Kazi hiyo ni ya mzazi, na ya parokia, na ya kijana; na mvua ni ya Mungu.

Maulizo ya mafundisho

Ulizo: Je, ulevi hurithiwa?
Jibu: Udhaifu mbele ya pombe huweza kurithiwa, ulevi wenyewe haurithiwi kama sura. Wana wengi wa walevi si walevi.

Ulizo: Je, wazazi wana dhambi mtoto wao akilewa?
Jibu: Wana dhambi wakimfundisha kwa mfano mbaya, wakimpa pombe, au wakizembea kumlinda. Wakiwa wamefanya yaliyowapasa, wasikate tamaa, bali waombe kama Mtakatifu Monika alivyomwombea mwanawe miaka mingi.

Ulizo: Imempasa nini kijana aliye na marafiki walevi?
Jibu: Aache kwenda nao mahali pa hatari, awatafute wenzake wema, na awaombee wale wa kwanza, maana labda yeye ndiye atakayewafungulia njia ya kutoka.

Ulizo: Nani aweza kumshinda mwili wake?
Jibu: Hakuna awezaye peke yake. Kwa sala, kitubio na Ekaristi Takatifu, na kwa msaada wa ndugu, kila aombaye hupewa nguvu.